Sauti Iliyosema Bado

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliishika kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyoshika viapo vya ndoa: hakusema kwenye maikrofoni neno ambalo asingeweza kumwambia mtu usoni. Akiletewa sentensi aliisoma kwanza kimya, akamweka mtu mmoja mbele yake kwa mawazo, mtu mwenye jasho na haraka zake, kisha akajiuliza kama angeweza kumtamkia maneno yale bila kutazama pembeni. Macho yakimponyoka, aliiweka karatasi mezani na kusema, "Hii siisemi."

Kazini walimwita Sauti, na jina likamganda hata watu wa mtaani wakalichukua. Kampuni ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la magodoro, nayo ilitengeneza programu za kuwafundisha watu kazi wakiwa kazini: namna ya kunyanyua mzigo bila kuumiza mgongo, namna ya kuzima moto wa umeme, namna ya kumpokea mteja aliyekuja amefura, namna ya kumshtaki bosi mwenye mikono isiyotulia. Viwanda, hoteli na maghala vilinunua masomo hayo kwa jumla. Wafanyakazi waliyasikiliza kwenye simu zao, wakajibu maswali, wakapewa alama. Aliyeyasoma yote, la kwanza hadi la mwisho, alikuwa yeye.

Siku moja aliletewa sentensi isemayo, "Kampuni yako inakupenda kama mzazi." Akaisoma, akacheka puani, akatoka nje ya chumba cha kurekodia.

"Nani kaandika hii?"

"Mteja mwenyewe," alisema fundi mitambo, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu ambaye kazi yake ilikuwa kurekodi sauti na kuisafisha. "Kiwanda cha mabati."

"Mwambie mteja mimi nimelelewa, na aliyenilea hakunikata mshahara kwa kuchelewa."

Fundi alicheka mpaka kiti kikalalamika. "Sasa tuweke nini, Bibie?"

"'Kampuni yako ina wajibu wa kukulinda.' Hiyo naweza kumwambia mtu hata akiwa ameshika nyundo."

Ikawekwa hiyo. Mteja alinung'unika kidogo, kisha akazoea, kama wateja wanavyozoea wakikuta mtu asiyeyumba.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kuta zimevishwa sponji nyeusi yenye vilima na mabonde. Akishafunga mlango, dunia ilimezwa. Kelele za barabarani zilikwenda, honi zikaenda, mlio wa feni ukaenda, mwisho akabaki anaisikia damu yake mwenyewe ikitembea masikioni kama mtu anayeburuta kandambili kwenye chumba cha jirani. Hapo ndipo alipoanza kusoma. Naye akisoma aliona kama sauti inamtoka na kushuka ngazi bila yeye, ikapita mbele ya magodoro, ikavuka barabara, ikaingia kwenye malango ambayo miguu yake haijawahi kuyafikia. Ilikaa masikioni mwa wapishi, ikapanda kwenye vyumba vya madereva wa malori, ikasimama nyuma ya mashine za kushonea. Alasiri nyingine alitoka mle ndani hana uhakika sana mwili wake uko wapi. Alishika reli ya ngazi na kushangaa kwamba ni ya baridi.

Kuna mara alikuwa kwenye foleni ya benki, akamwambia mama aliyekuwa nyuma yake, "Tafadhali, tangulia wewe." Mlinzi wa mlangoni akakakamaa.

"Samahani, mama," mlinzi alisema, akamsogelea polepole. "Wewe ndiye unayesema 'usikimbie, tembea kuelekea mlango wa dharura'?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Umenifelisha mara mbili."

"Basi ulikimbia."

Foleni nzima ikacheka, na mlinzi akacheka pia, lakini alisimama wima mpaka Sauti alipoondoka.

Aliyemlea alikuwa dada yake. Mama yao alifariki Sauti angali na meno ya utoto, na Dada, ambaye mwenyewe alikuwa msichana wa kubeba mkoba wa shule, aliuweka mkoba chini akaanza kufua nguo za watu. Hakufanya tangazo. Asubuhi moja hakuvaa sare, basi. Mtoto akirudi shule alikalia ndoo iliyopinduliwa, Dada akainamia beseni, na kitabu kikafunguliwa.

"Soma," Dada alisema.

"Nisome nini?"

"Chochote walichokupa. Soma taratibu, mimi nasikia kwa mikono."

Akasoma historia, akasoma habari za mizizi na majani, akasoma mpaka maswali ya hesabu. Alijifunza kutua pale nguo inapogeuzwa, kupandisha sauti maji yanapomwagwa, kuishusha povu linapotulia. Sauti iliyokuja kununuliwa na makampuni ilitengenezewa hapo, juu ya beseni, na aliyeitengeneza hakulipwa chochote wala hakudai.

Jioni Dada alipika. Mtoto akiuliza kama kimeiva, Dada alijibu bila kugeuka, "Bado. Bado kidogo." Ilikuwa bado ya namna yake, ndefu mwanzoni, laini mwishoni, imebeba ndani yake mvuke wa sufuria. Mtoto aliweza kulala juu ya neno lile kama juu ya mto, kwa sababu halikuwahi kumdanganya. Likitamkwa, chakula kilikuja. Kidogo au cha kutosha, kilikuja.

Miaka ikapita juu yao. Mdogo akapata stashahada na kazi ya kusema. Mkubwa akapata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, chini kabisa, karibu na boila la kuchemshia maji. Kilikuwa chumba kirefu cheupe. Mashuka yalining'inia na kupita juu kwenye reli, mvuke ukayafunika, wafanyakazi wakaonekana nusu nusu: mkono hapa, kilemba pale, mtu mzima akatoka kwenye wingu amebeba taulo na kuingia kwenye wingu lingine. Uzuri wake ulikuwa wa kutazama tu. Kifua cha Dada hakikuupenda. Alianza kukohoa, kwanza wakati wa baridi, halafu majira yote. Pembeni mwa chumba kile palikuwa na kijichumba cha kioo, mlango wake unafungukia nje penye upepo, na humo alikaa msimamizi. Dada alikitaka kile kijichumba. Hakukitaka kwa kupenda cheo. Alitaka kupumua.

Hoteli ilipoyanunua masomo ya kampuni, Dada alifurahi kama mtu aliyetumiwa mgeni. Alichomeka spika ndogo ya simu sikio moja, jingine akaliachia mashine, akasomewa tena na mdogo wake katikati ya povu.

"Juzi umenifundisha sabuni," alimwambia Jumapili moja. Sauti alikuwa na desturi ya kumtembelea kila Jumapili, wakakaa barazani na vikombe vya chai. "Umesema dawa ya kung'arisha isichanganywe na ya kuua vijidudu. Nikasema, tazama huyu, nilikuwa namfulia mpaka soksi, leo ananitisha na sabuni."

"Si ulifaulu?"

"Nimepata zote. Ningethubutu kukosa? Ungenisimanga mpaka tuzeeke."

"Tumeshazeeka, Dada."

"Jisemee mwenyewe. Mimi nina wasomi wanaonisomea."

Kampuni ikatengeneza kitu kipya. Wakakiita Ngazi. Masomo yalimfundisha mtu kazi. Ngazi ingempima na kumwambia kazi gani nyingine anaifaa. Mfanyakazi angebonyeza nafasi anayoitaka, nayo programu ingetazama alama zake, miaka yake kazini na vyeti vyake, kisha ingemjibu kwa sauti. Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: "Ndiyo, umependekezwa." La pili ndilo lililowakusanya wote mezani.

"Tulipoijaribu na 'hapana', watu waliifunga programu na hawakurudi," alisema meneja, mwanamke mdogo kwa umri, mpole, asiyepandisha sauti. "Mteja anataka watu wanaorudi. Nipeni neno lisilofunga mlango."

"'Jaribu tena,'" mmoja alisema.

"Hiyo ni ya simu ikikatika," fundi alisema.

"'Bahati njema wakati mwingine.'"

"Hiyo ni ya gunia la bahati nasibu. Mtu kaomba kazi, si redio."

Ndipo mwandishi wa masomo, aliyekuwa ameegemea dirisha, akasema kana kwamba anazungumza na barabara, "Bado."

Ni neno dogo. Linasema jambo halijawa, na papo hapo linasema litakuwa. Halihitaji maelezo. Meneja akalitamka mara mbili, akatabasamu.

Sauti alilipenda kabla hajalifikiria. Aliuliza, maana kuuliza ilikuwa tabia yake, "Anayeambiwa bado, ipo siku ataambiwa ndiyo?"

"Wengi wao," alisema meneja.

Hapo ilimpasa aulize habari za wachache. Swali lilimfika mpaka kwenye meno. Lakini neno lilikuwa limeshaanza kulia kichwani mwake, na mwanga wa alasiri ulikuwa umelala mezani kama kitambaa, kila mtu amechoka na ameridhika. Akalimeza. Si dhambi mtu kupenda neno zuri. Dhambi ni kulipenda mpaka ukaacha kuuliza linatumwa kwa nani.

Akaingia kwenye chumba cha kurekodia, akafunga mlango, dunia ikaondoka.

"Nipe moja ya kawaida," fundi alisema kwenye spika.

"Bado."

"Nipe ya furaha."

"Bado."

"Hiyo ni ya mtu anayeuza bima. Nipe yako wewe."

Akafumba macho. Mara hii hakumweka mtu yeyote mbele yake, hakumtafuta mwenye jasho wala mwenye haraka. Aliteleza tu kurudi nyuma, kupita miaka, mpaka kwenye ndoo iliyopinduliwa, jioni, jiko linawaka, mgongo wa dada yake umegeuka. Neno likamtoka lenyewe, refu mwanzoni, laini mwishoni. Alipofumbua macho alikuta shavu lake limelowa na hakujua kwa nini.

Nyuma ya kioo fundi alikuwa amevua spika masikioni.

"Hiyo," alisema, "imenifanya nisikie njaa."

Ikachukuliwa hiyo. Kanuni ilivunjikia hapo, na haikutoa mlio wowote.

Ngazi ilifika hotelini pamoja na mvua. Dada alisubiri zamu iishe, akakaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, akabonyeza nafasi ya msimamizi wa chumba cha kufulia. Jumapili alipomfungulia mdogo wake mlango, uso wake uliwaka.

"Nimekusikia," alisema.

"Umenisikia wapi?"

"Usijifanye hujui. Umesema bado."

Sauti aliketi. "Dada, ile ni mashine."

"Na mdomo ni wa nani?"

"Mdomo wangu. Lakini sijui inamwambia nani nini. Mimi narekodi tu."

"Sawa, sawa." Dada akafumba jicho moja, kama watu wawili wenye siri ya harusi. "Ile bado naijua. Ile ni yangu. Ulinipelekea makusudi, nisife moyo. Mtu wa nje angesema bado kama anafukuza kuku. Wewe umeisema ile yenyewe."

"Dada."

"Nimekwambia sawa. Sitamwambia mtu."

Mdogo mtu alikuwa na nafasi hapo, pana kabisa, ya kuweka kikombe chini na kusema: sikukutumia neno, sikujua kama utalisikia, usilijengee nyumba. Aliutazama ule uso ukiwaka. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Alijiambia kwamba huenda nafasi itakuja kweli. Alama zake zote si nzuri? Alitaka iwe kweli, akauachia utashi wake ufanye kazi ya ukweli. Watu wengi wema huharibikia hapo hapo, kwenye chai, bila ubaya wowote moyoni.

Dada akarudi kwenye mvuke kama mtu aliyepewa ahadi. Alipokohoa hakusimama kwa muda mrefu kama zamani. Kila baada ya muda alibonyeza, akasikia bado, akatabasamu katikati ya mashuka. Wenzake walimtania kwamba ana mchumba ndani ya simu.

"Ni mtoto wangu," alijibu. "Ananiambia nivute subira."

Wakati huo Mama Pasi alifungua duka. Alikuwa amefanya kazi na Dada miaka mingi, yeye kwenye pasi, Dada kwenye mashine, na jina alilipata kwa kuwa hakuwahi kuunguza kitu. Sasa alikuwa na duka lake la kufua na kupiga pasi, mtaa wa juu, vyumba viwili vyenye madirisha makubwa na feni. Alitaka mtu wa kulisimamia.

"Kaja mwenyewe mpaka hapa," Dada alisimulia Jumapili iliyofuata, akimenya machungwa. "Anasema, njoo ukae kwenye kiti, uwaamrishe wasichana, mimi nizunguke kutafuta wateja. Nikamwambia, mwenzangu, umechelewa."

Kikombe cha Sauti kikasimama hewani. "Umechelewa kivipi?"

"Siwezi kuondoka mtu akiwa ameshaniambia bado. Nikiondoka leo, kesho kijichumba kinafunguka, wananitafuta, sipo. Nitakutazamaje wewe?"

"Mama Pasi alisemaje?"

"Kanuna. Kasema ataniwekea mpaka mwisho wa mwezi, nikibadili mawazo. Mkaidi yule. Chukua chungwa."

Alilichukua na hakulila. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliye chini ya maji. Taa za maduka ziliyeyuka kwenye madimbwi, na kutoka kwenye simu za watu waliompita alidhani anaisikia sauti yake, bado, bado, ikiitikiana kutoka baraza hadi baraza.

Jumatatu asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa fundi mitambo, kabla hajavua hata koti.

"Neno bado linatoka wakati gani?"

"Wakati jibu si ndiyo."

"Nyuma yake kuna nini?"

Fundi akakuna kichwa chini ya kofia. "Mambo mengi. Mwingine amebakiza somo moja, akilimaliza anapita. Mwingine hajatimiza muda kazini. Mwingine hana cheti ambacho mteja amesema lazima kiwepo. Wote wanasikia hiyo hiyo. Tulirekodi moja tu, unakumbuka."

"Asiye na cheti atapita lini?"

"Cheti gani?"

"Cha sekondari. Kwa msimamizi wa kufulia, hoteli."

Fundi akageukia kompyuta, akatafuta, akaacha kutafuta. Alijibu bila mzaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Huyo hapiti, Bibie. Hata akipata alama zote. Huyo ataambiwa bado mpaka astaafu."

Dada hakuwa na cheti cha sekondari kwa sababu aliuweka mkoba chini ili mwingine aubebe. Sauti alilijua hilo kama anavyoijua mikono yake.

Njia iliyobaki ilikuwa fupi. Hotelini si mbali, nyumbani kwa Dada si mbali, na mwezi haukuwa umekwisha. Ilimpasa kutembea, kugonga mlango, na kusema neno moja linaloanza kwa "ha". Badala yake alikwenda kwa meneja.

"Neno lile tulibadilishe," alisema. "Asiyeweza kupita aambiwe hapana, na aambiwe sababu. Mimi niliyelisema nataka kulifuta."

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. "Ni kweli usemayo," alisema. "Sikuwa nimelitazama hivyo. Nitawaandikia wateja, wakikubali tunarekodi upya. Nipe muda kidogo."

Sauti akatoka amefarijika, na faraja ile ilikuwa chafu. Alikwisha kujipangia jinsi mambo yatakavyokwenda: mashine itabadilishwa, Dada atabonyeza, atasikia hapana kutoka kwenye simu, atakwenda kwa Mama Pasi, na yeye mwenyewe hatakuwa amehitaji kuutazama ule uso ukizimika. Mtu aliyejiapiza asiseme kwenye maikrofoni asiloweza kulisema usoni, sasa aliitafuta maikrofoni ili asilazimike kulisema usoni. Kanuni yake ilikuwa imegeuzwa nje ndani, kama soksi, naye akaivaa hivyo hivyo.

Siku zikaenda kwa ulaini wa ajabu. Aliingia kwenye chumba cheusi, akasoma masomo ya ngazi za ujenzi na ya usafi wa jokofu, na kila aliponyamaza ule ukimya ulimlea kama usingizi. Mle ndani hakukuwa na Mama Pasi wala mwisho wa mwezi. Aliota mchana, macho wazi, mashuka meupe yakipita juu ya reli, na nyuma ya kila shuka mgongo wa mtu usiogeuka. Jumapili moja alituma ujumbe kwamba ana mafua. Nyingine akaenda, wakazungumza habari za paa linalovuja. Dada alikohoa, akajipiga kifua, akasema mvua hizi. Naye akakubali kwamba ni mvua.

Wateja wakakubali hatimaye. Meneja alimletea habari huku anatabasamu, na Sauti alirekodi "hapana" mchana ule ule, kavu na wazi, na baada yake sababu, moja moja. Alimweka mtu mbele yake kila mara, kama zamani. Fundi hakumtania.

Jumapili alimkuta Dada barazani anakunja nguo.

"Mama Pasi kapata mtu," Dada alisema, hata kabla ya salamu kuisha. "Msichana mzuri, alikuwa kwenye duka la mashela. Mwezi ulipokwisha alimpa. Nimekwenda kumpongeza. Pale pana upepo, usiambiwe."

Sauti alisimama akishika nguzo ya baraza.

"Dada, hutapata ile nafasi."

"Ipi?"

"Ya hotelini. Hutaipata. Wanataka cheti cha sekondari. Ile bado haikuwa inakuambia subiri, ilikuwa inakuambia hapana, ila kwa heshima. Kuanzia kesho ukibonyeza itasema hapana, nimeirekodi upya."

Dada alimaliza kukunja shati lililokuwa mikononi. Akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kola.

"Hukujua," alisema. "Ulirekodi tu, uliniambia."

"Mwanzoni sikujua."

"Ukajua lini?"

Jirani alikuwa anafagia uani, na Sauti akautazama ufagio.

"Ulijua lini, mdogo wangu? Mama Pasi alikuwa ameshapata mtu, au alikuwa hajapata?"

Angeweza kusema amejua jana. Hakuna ambaye angemsuta. Lakini alikuwa anatazamwa usoni, na katika maisha yake yote hilo ndilo aliloliheshimu, akalijibu.

"Alikuwa hajapata."

"Mwezi ulikuwa haujaisha."

"Ulikuwa haujaisha."

Dada akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri somo gumu. Hakupiga kelele. Hakutaja beseni wala mkoba, ingawa vilikuwa vyake kuvitaja. Alichukua nguo nyingine kutoka kwenye kapu.

"Mimi ningekuambia," alisema. "Hata kama hakukuwa na kitu kwenye sufuria, ningekuambia. Kuna siku hakikuwepo, na nilikuambia, ukalia, ukalala. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi. Chai imo jikoni, jimiminie."

Akajimiminia, wakakaa, wakazungumza habari za paa. Mtu aliyepita barabarani angeona dada wawili wanakunja nguo alasiri yenye jua jepesi, moshi wa jiko la jirani ukielea kati yao, na angesema wana amani. Kwa namna fulani walikuwa nayo. Dada hakumfukuza siku ile wala siku nyingine. Jumapili zinaendelea, chai inaendelea, hata utani upo kidogo. Kazini kanuni imesimama tena mahali pake, na Ngazi sasa humwambia mtu hapana pale penye hapana, na wanaoambiwa hawamjui aliyewalipia neno hilo.

Aliyelipa ni Dada, kwa kifua chake: yuko mvukeni mpaka leo, na daktari amemwambia pafu moja halitarudi lilivyokuwa. Mdogo wake naye amelipa. Akimwambia Dada jambo lolote, hata kwamba mvua imeacha kunyesha, Dada hulipokea kwa upole, kisha huenda akamuuliza mtu mwingine kama ni kweli.